Wafanyabiashara Waislamu wa Calicut mbele ya Wareno, 1498–1600: uchambuzi wa kisa

Meli za Vasco da Gama ziliondoka Malindi mwezi Aprili 1498 zikiwa na rubani aliyepatikana kwa hisani ya mfalme wa mji huo, na mwezi Mei zikatia nanga karibu na Calicut, mji ambao leo unaitwa Kozhikode, katika pwani ya Malabari, kusini-magharibi mwa India. Mtu wa kwanza kuteremshwa nchi kavu alipelekwa kwa Waislamu wawili wenyeji wa Tunis, waliojua Kikastilia, yaani Kihispania, nao wakamuuliza kwa mshangao ni shetani gani aliyemleta huko. Wareno walikuwa wamelizunguka bara zima la Afrika ili waikwepe biashara ya Waislamu, na waliowapokea mwisho wa safari walikuwa wafanyabiashara Waislamu waliotulia pale kama watu wa nyumbani.

Kisa ninachokichambua ni cha jamii hiyo katika karne moja iliyofuata, hadi mwaka 1600. Riziki yao ilipita baharini, hija yao ilipita baharini, na hata asili ya wengi wao ilitokana na ndoa za mabaharia. Bahari hiyo ilipoporwa, walibakije jamii moja yenye dini yake, sheria zake na majina yake? Wengi wanaoisimulia habari hii huanza na kumaliza kwa manahodha mashujaa na mizinga yao. Kwa maoni yangu mizinga ilinunua muda tu. Jamii ilihifadhiwa na mambo yaliyokuwa nchi kavu, yaani nyumba, darsa, sheria na maandishi, na yote hayo yalisimama kwa sababu ya ahadi kati ya Waislamu na mfalme asiyekuwa Mwislamu.

Mji na watu wake

Calicut ilitawaliwa na mfalme wa Kihindu aliyejulikana kwa cheo cha Samutiri. Waislamu wa mji wake walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wageni matajiri, Waarabu, Waajemi, Wamisri na wengineo, ambao walimiliki majahazi makubwa ya kwenda Jeddah, Aden na Hormuz, na ambao wenyeji waliwaita Pardesi. Kundi la pili ni Wamappila, Waislamu wazawa wanaosema Kimalayalam, waliotokana na ndoa za wafanyabiashara na wanawake wa pwani pamoja na wenyeji waliosilimu. Msimu wa mvua za kusi hufunga bandari za Malabari tangu Juni, kwa hiyo nahodha aliyechelewa alilazimika kukaa miezi kadhaa, na aliyekaa alioa. Watoto walilelewa kwa mama zao, katika lugha ya mama zao na dini ya baba zao. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi jambo hili.

Ibn Battuta, aliyepita Calicut katika miaka ya 1340, alimtaja nahodha mmoja mashuhuri wa mji huo kwa jina la Mithqal, mwenye mali nyingi na majahazi ya biashara ya India, China, Yemen na Uajemi. Msikiti unaonasibishwa naye, Mishkal, ungali katika mtaa wa Kuttichira, kando ya bwawa. Ni jengo la ghorofa la mbao lenye mapaa ya mteremko yaliyopangana, halina kuba wala mnara, na anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani ni hekalu la Kihindu, kwani limejengwa kwa ufundi wa mafundi wa nchi ile.

Mpango wa maisha ya Waislamu chini ya Samutiri umeelezwa vizuri na Sheikh Zainuddin wa Ponnani katika kitabu chake cha Kiarabu, Tuhfatul Mujahidin, ambacho habari zake zinafika mwaka 1583. Anasema watawala wa Malabari waliwaheshimu Waislamu kwa sababu miji yao ilistawi kwa biashara yao, kwamba waliwasaidia kusimamisha sala ya Ijumaa na Idi, kwamba kadhi aliwekwa na kupewa posho, na kwamba mtu wa nchi akisilimu hakudhuriwa. Mfalme alipata ushuru na majahazi, Waislamu walipata ulinzi na uhuru wa dini. Ahadi hiyo haikuandikwa popote, ilikaa katika mazoea ya karne kadhaa.

Shinikizo

Katika mwaka 1500 nahodha Mreno Pedro Álvares Cabral alifungua ghala la biashara Calicut, na alipoona Waislamu wanapakia pilipili manga kabla yake aliikamata jahazi yao moja. Watu wa mji wakalivamia ghala na kuwaua Wareno zaidi ya 50. Cabral akajibu kwa kuchoma majahazi yapatayo kumi bandarini na kuupiga mji kwa mizinga. Mwaka 1502 da Gama akarudi na msafara wa vita, akapita Kilwa na kumlazimisha mtawala wake kutoa kodi, kisha katika bahari ya Malabari akaikamata Miri, jahazi iliyokuwa ikirudi kutoka Makka ikiwa na mamia ya mahujaji, wanawake na watoto wakiwamo. Aliichoma moto na watu wake. Watoto wachache waliopona walichukuliwa ili wabatizwe. Halafu akaja mbele ya Calicut na kumtaka Samutiri awafukuze Waislamu wote mjini, naye mfalme akakataa.

Kukataa huko ndiko mhimili wa kisa chote, na nadhani hakujapewa uzito unaostahili. Samutiri angeweza kupima faida ya siku ile na kuwatoa kafara watu ambao hawakuwa wa dini yake. Jirani yake, mfalme wa Cochin, bandari iliyo kusini mwa Calicut, aliwapokea Wareno na akapata nguvu kutokana nao. Samutiri alijua hilo, akaona meli zao zinavyopiga, na bado akasema kwamba watu wale walikuwa wakiishi katika nchi yake kama wazawa.

Baada ya hapo vita havikukoma. Mwaka 1505, mwaka ambao Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa, Wareno walijenga ngome Cannanore, bandari iliyo kaskazini mwa Calicut. Mwezi Januari 1510, katika Ramadhani ya mwaka 915 Hijria, waliingia Calicut na kuuchoma msikiti wa Mithqal, ingawa siku hiyo walishindwa vibaya na kamanda wao Fernando Coutinho akauawa.

Lakini moto haukuwa silaha yao kubwa zaidi. Silaha hiyo ilikuwa karatasi. Wareno walitangaza kwamba jahazi yoyote itakayosafiri bila hati yao, waliyoiita cartaz, ni halali kukamatwa na kuporwa. Hati ilitaja jina la nahodha, ukubwa wa chombo, shehena na bandari ya kwenda, ikakataza kubeba pilipili na silaha, na ikamlazimisha mwenye chombo kupitia ngome zao alipe ushuru. Kwa watu ambao babu zao walikwenda Jeddah bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, hili lilikuwa zaidi ya hasara ya fedha, kwa maana hija yenyewe sasa ilihitaji saini ya adui. Sheikh Zainuddin anaorodhesha maovu mengine kwa uchungu: kuwadhihaki Waislamu, kuwafunga, kuchoma misahafu na vitabu, kubomoa misikiti, kuwavunjia wanawake heshima, kuwalazimisha watu kuritadi.

Pardesi waliondoka. Katika miongo miwili ya mwanzo wengi wao walihamishia mitaji yao Gujarat, Hormuz na Bahari ya Shamu. Wamappila hawakuwa na pa kwenda, na ni lazima isemwe kwamba mwanzoni baadhi yao waliona nafasi katika kuondoka kwa wakubwa wale. Wafanyabiashara wa Cochin na Cannanore waliwauzia Wareno pilipili na mchele kwa miaka kadhaa. Walibadilika walipotambua kwamba hakuna kiasi cha utii kitakachowafanya Wareno wawaone kuwa washirika, kwani maofisa wao waliokuwa na biashara zao binafsi walikamata hata vyombo vyenye hati.

Kilichokuwa nchi kavu

Ninaanza na nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia yote. Katika mtaa wa Kuttichira na katika miji mingine ya pwani, familia za Wamappila wa biashara ziliishi katika nyumba kubwa za ukoo wa kike, zinazoitwa tharavad. Binti hakuhama kwao alipoolewa. Alipewa chumba katika nyumba ya mama yake, na mume akawa anakuja usiku na kuondoka asubuhi, akiitwa bwana harusi mpya hata akiwa na wajukuu. Nyumba, bustani ya minazi na wakati mwingine hisa za biashara zilibaki kwa upande wa mama. Nahodha akizama, akitekwa au akikimbilia Hormuz, nyumba haikuvunjika, na watoto waliendelea kulelewa na wajomba, bibi na mama wadogo waliokuwa palepale. Watu wa Lamu, ambako binti huandaliwa nyumba na wazazi wake na mume huhamia kwake, wataelewa kwa nini mji wa mabaharia huona utaratibu huo kuwa wa busara.

Utaratibu huo haukukubaliana na sheria ya mirathi ya Kiislamu, na Sheikh Zainuddin hakulificha hilo. Anaeleza kwamba desturi ya kurithisha watoto wa dada, ambayo ni ya jamii za Kihindu za nchi ile, imewaingia Waislamu wengi wa Cannanore, ingawa miongoni mwao wamo wanaohifadhi Kurani na kusoma elimu. Ninalitaja kwa sababu wako wanaodhani jamii huhifadhi utambulisho wake kwa kujitenga na majirani. Wamappila walivaa, walikula, walijenga na kurithisha kwa namna iliyokaribiana sana na majirani zao, na ukaribu huo ndio uliomfanya Samutiri awaone kuwa watu wake.

Ukaribu wa namna hiyo ulihitaji kitu cha kuusawazisha, nacho kilikuwa Ponnani. Mji huu upo kwenye mdomo wa mto, kusini mwa Calicut, na hapo ndipo Sheikh Zainuddin mkubwa, babu yake mwandishi wa Tuhfatul Mujahidin, alipoanzisha msikiti wa Ijumaa na chuo chake katika miaka ileile ambayo pwani ilikuwa ikiungua. Alizaliwa Cochin, akasoma Makka na Cairo, akafariki takribani mwaka 1522. Aliacha shairi la Kiarabu la kuhimiza vita dhidi ya Wareno, lakini naona kwamba kazi yake kubwa ni chuo. Wanafunzi walitoka pwani nzima, walilishwa na watu wa mji, na aliyehitimu alikalishwa pamoja na wenzake kuzunguka taa ya shaba inayoning'inia ndani ya msikiti, mbele ya walimu, ndipo akapata cheo cha musaliyar na haki ya kufundisha na kuongoza msikiti kwao. Taa ile ilikuwa ndiyo shahada. Mwanafunzi hakuhitaji tena kufika Makka ili apate elimu inayotambulika, na hili lilikuwa na maana kubwa katika zama ambazo njia ya Makka ililindwa na meli za adui.

Mjukuu, Zainuddin wa pili, aliandika kitabu kingine ambacho kwa maoni yangu kiliihifadhi jamii kuliko hata historia yake ya vita. Ni Fat-hul Muin, kitabu cha fikihi ya madhehebu ya Shafii, kinachoeleza sala, zaka, ndoa, talaka, biashara na mirathi kwa ufupi unaotosha kadhi wa mji mdogo. Kwa kitabu hicho kijiji chochote cha pwani chenye msikiti na musaliyar mmoja kiliweza kuhukumu mambo yake kwa sheria ileile iliyotumika Calicut, bila kusubiri mgeni kutoka Yemen au Hijazi. Wanafunzi wa darsa za Lamu, Mombasa na Unguja wanakijua kitabu hiki, maana kimesomeshwa katika pwani yetu kwa vizazi, pamoja na sherehe yake, Ianatut Talibin, iliyoandikwa Makka katika karne ya 19. Wengi wanaokisoma hawaambiwi kwamba mtunzi wake aliishi Malabari katika karne ambayo Kilwa na Mombasa nazo zilikuwa zikichomwa, tena na watu walewale.

Nguzo ya mwisho ni maandishi. Wamappila waliandika Kimalayalam kwa herufi za Kiarabu, wakiongeza nukta kwa sauti zisizokuwamo katika Kiarabu, kama waandishi wa tenzi zetu walivyofanya kwa Kiswahili. Kazi kongwe zaidi katika maandishi hayo ambayo tarehe yake inajulikana ni Muhyiddin Mala, utenzi wa kumsifu Sheikh Abdulkadir Jilani uliotungwa na Kadhi Muhammad wa Calicut mwaka 1607. Ulisomwa majumbani jioni, hasa na wanawake, na ulisomwa mwanamke anapojifungua. Dini hapa ilikaa vinywani mwa watu ambao hawakujua Kiarabu wala hawakuwahi kupanda chombo.

Mawe ya Chaliyam

Mwaka 1531 Wareno walijenga ngome Chaliyam, kilomita chache kusini mwa Calicut, mahali palipokuwa na msikiti wa kale ambao wenyeji waliunasibisha na Malik bin Dinar, anayesemekana kuwa miongoni mwa walioleta Uislamu Malabari. Sheikh Zainuddin anasimulia kwamba Wareno walianza kwa kuchomoa jiwe moja la msikiti. Waislamu wakamlalamikia kamanda, naye akaja mwenyewe, akaamuru jiwe lirudishwe na lipigwe chokaa. Watu wakaondoka wameridhika. Kisha Wareno wakarudi na kubomoa zaidi, na walipolalamikiwa tena kamanda akajibu kwamba mtawala wa mahali pale amewauzia ardhi pamoja na msikiti. Baada ya hapo msikiti wote ulivunjwa, na mawe ya makaburi nayo yakaingia katika ngome na kanisa lake.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1571, jeshi la Samutiri pamoja na Waislamu wa Calicut, Ponnani na miji jirani waliizingira ngome hiyo kwa miezi kadhaa hadi waliomo wakasalimu amri kwa njaa. Kadhi Muhammad, mtunzi wa Muhyiddin Mala, aliuandikia ushindi huo shairi la Kiarabu linalomsifu Samutiri, mfalme wa Kihindu, kwa kupigana kwa ajili ya Waislamu. Ngome ikabomolewa, na sehemu ya mawe ikaachwa kwa ajili ya kuujenga upya msikiti. Kamanda alitumia jina la mauzo kuhalalisha ubomoaji, na mfalme akaamuru mawe yarudi.

Manahodha wa Kunjali

Katika miaka ya 1520 ukoo wa wafanyabiashara wa Cochin uliojulikana kwa jina la Marakkar ulihamia upande wa Samutiri, na wakubwa wake wanne waliofuatana, waliopewa cheo cha Kunjali, waliongoza vita vya baharini kwa karibu miaka 80. Hawakujaribu kupambana na meli kubwa za Wareno katika maji mengi. Walitumia mashua nyembamba za makasia zilizojificha katika milango ya mito, zikitoka nyingi kwa pamoja wakati upepo umekufa na meli ya tanga haiwezi kugeuka. Pilipili iliyovuka kwa njia hiyo ilipitia Maldivi hadi Bahari ya Shamu, na kufikia katikati ya karne biashara ya viungo iliyopita Misri ilikuwa imeinuka tena.

Kunjali wa nne, aliyeshika uongozi mwaka 1595, alikuwa na ngome yake Kottakkal, kaskazini mwa Calicut, na akaanza kujitangaza kuwa mfalme wa Waislamu na bwana wa bahari ya India. Inasimuliwa pia kwamba alimkata mkia tembo wa Samutiri. Iwe alimkata au hakumkata, ahadi ya kale ilikuwa imevunjika, kwani ilikuwa ni ahadi kati ya mfalme na raia, na raia sasa alitaka kuwa mfalme. Samutiri akashirikiana na Wareno dhidi yake. Shambulio la 1599 lilishindwa, lakini mwezi Machi 1600 Kunjali alijisalimisha kwa Samutiri, Wareno wakamchukua, wakampeleka Goa, makao yao makuu nchini India, na kumuua hadharani. Ninamheshimu kwa ushujaa wake, na ninaona usaliti aliofanyiwa ni aibu juu ya jina la Samutiri. Hata hivyo alilipoteza jambo ambalo wazee wake walilifahamu, kwamba Waislamu wa Malabari walikuwa salama pale walipokuwa sehemu ya nchi, si walipotaka kuwa nchi ndani ya nchi.

Anguko lake halikuiangusha jamii. Misikiti iliendelea, Ponnani iliendelea kutoa wahitimu, na Muhyiddin Mala ilitungwa miaka saba baadaye. Hapo ndipo ninapopata ushahidi wa hoja yangu, kwa sababu kama utambulisho wa Wamappila ungekuwa umesimama juu ya mashua za Kottakkal, mwaka 1600 ungekuwa mwisho wao.

Kilichopotea kilikuwa kikubwa, na si haki kukipunguza kwa furaha ya kuona kilichobaki. Biashara ya bahari kuu haikurudi mikononi mwao kwa kiwango cha zama za Mithqal. Kadiri bandari zilivyobanwa, Uislamu wa Malabari ulizidi kuelekea bara, katika mashamba ya Ernad na Valluvanad, ambako Mmappila alikuwa mkulima aliyepanga ardhi ya mwenye shamba wa Kihindu, na uhusiano kati yao haukuwa ule wa mfalme na mfanyabiashara anayemjazia hazina. Wadachi waliwaondoa Wareno Cochin mwaka 1663, Waingereza wakaichukua Malabari mwaka 1792 na kuzitia nguvu haki za wenye mashamba, na tangu miaka ya 1830 wakulima wa Kimappila waliinuka mara kwa mara hadi uasi mkubwa wa 1921. Katika mashamba yale hapakuwa na ahadi ya kale ya kuwakinga.